Chuo kikuu cha Kiislamu: faida yake iko wapi, na gharama yake iko wapi

Mwaka 1951 taasisi mpya ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mjini Mombasa. Ilijengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamaa ya Mabohora na serikali ya kikoloni, na ikajulikana kwa kifupi kama MIOME, yaani Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa. Jina lilikuwa la Kiislamu, lakini karakana zilikuwa za mitambo, umeme na ufundi wa vyombo vya baharini. Elimu ya dini ilikuwa na mahali pake tayari. Lamu ilikuwa na Riyadha, na Unguja ilikuwa na darsa za Msikiti Gofu na madrasa ya Bakathir pale Ukutani. Kijana wa Kiislamu wa pwani alichokosa ni ufundi uliomwezesha kuajiriwa bandarini na kwenye reli, na MIOME ilijengwa kuziba pengo hilo. Leo, baada ya kubadilishwa jina mara kadhaa, ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Hadhi ya chuo kikuu kamili ilikuja mwaka 2013, wakati jina la Kiislamu lilikwisha ondoka zamani.

Ninaanza na MIOME kwa sababu waanzilishi wake walijiuliza swali ambalo familia nyingi leo hazijiulizi: mtoto wetu anakosa nini ambacho chuo hiki kitampa? Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mazungumzo ya nyumbani huwa juu ya jina la chuo. Baba anataka chuo cha Kiislamu ili mtoto asiharibike, mjomba anataka chuo cha serikali ili mtoto apate kazi. Wote wawili wanazungumzia jina na mazingira, na programu haijafunguliwa hata ukurasa mmoja.

Milango imekuwa mingi. Mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974 uliamua Afrika ijengewe vyuo vikuu viwili, kimoja Niger kwa nchi zinazotumia Kifaransa na kingine Uganda kwa zinazotumia Kiingereza. Cha Niger, kule Say, kilifunguliwa mwaka 1986. Cha Uganda, IUIU, kilifunguliwa Mbale Februari 1988 kikiwa na wanafunzi 80 na vitivo viwili tu. Mwaka 1998 Zanzibar ikapata viwili: Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, na chuo cha ualimu cha Chukwani ambacho sasa kina jina la daktari wa Kuwait, marehemu Abdulrahman Al-Sumait. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, MUM, kikaanza katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, yaliyotolewa na serikali ya Rais Benjamin Mkapa. Kenya ina Chuo Kikuu cha Umma. Nje ya mipaka kuna Madina ya Saudia, Azhar ya Cairo na Khartoum ya Sudan, na kwa watu wa pwani wenye nasaba ya Hadhramaut kule Yemen kuna Tarim, mji wa huko huko.

Hoja yangu ni hii. Kuna fani ambazo elimu ya dini ni sehemu ya kazi yenyewe, na humo chuo cha Kiislamu humpa mwanafunzi kitu asichoweza kukipata kwingine. Kuna fani nyingine ambazo elimu ya dini inamfaa mtu lakini haiingii ndani ya kazi anayosomea, na humo chuo kipimwe kwa maabara, walimu na ithibati kama chuo kingine chochote. Anayechanganya mafungu haya mawili hulipia kosa hilo kwa miaka mitatu au zaidi ya ujana wake.

Sheria na mirathi

Fungu la kwanza linaonekana vizuri zaidi kwenye shahada ya sheria na sharia, inayotolewa Tunguu na Morogoro. Mwanafunzi husoma yale yote yanayosomwa na mwanasheria mwingine: katiba, mikataba, madhara, jinai, ushahidi, ardhi. Juu yake huongezewa usuli wa fiqhi (misingi ya sheria za dini), ndoa na talaka, muamalati (mambo ya biashara) na faraidhi (mgawanyo wa mirathi). Mzigo ni mkubwa, na faida yake huonekana siku ya kwanza mteja anapoingia ofisini na jambo la mirathi.

Chukua mtu aliyefariki akaacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, pamoja na nyumba ya shilingi milioni 120. Mke ana thumni (1/8), mama ana sudusi (1/6), watoto huchukua kilichobaki. Asili ya masala, yaani idadi ya mafungu ya kuanzia, ni 24. Mke hupata 3, mama 4, na 17 zinabaki kwa watoto. Hizo 17 hazigawanyiki kwa vichwa 5, kwa kuwa kila mwana wa kiume huhesabiwa vichwa viwili na binti kimoja. Basi 24 huzidishwa kwa 5 na kuwa 120: mke 15, mama 20, kila mwana wa kiume 34, binti 17. Hatua hiyo ya kuzidisha huitwa tas-hihi, na ndipo wengi wanapokosea. Hugawa 17 kwa makadirio, kila mrithi akapewa kidogo zaidi au kidogo pungufu, na ugomvi wa miaka kumi ukaanzia hapo. Kabla ya yote hayo kuna gharama za mazishi, madeni, na wasia usiozidi theluthi. Anayeruka hatua hizo hugawa mali ambayo bado si ya warithi.

Wakili aliyesoma sheria peke yake atahitaji kumtafuta mtu wa kumfanyia hesabu hiyo. Na aliyesoma faraidhi peke yake ataigawa vizuri kwenye karatasi, lakini hati ya nyumba haitahama, kwa sababu hajui namna ya kuomba usimamizi wa mirathi mahakamani wala mipaka ya mamlaka ya msimamizi. Tanzania Bara hakuna mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola, na mirathi ya Kiislamu husikilizwa mahakama za mwanzo pamoja na mambo ya mila. Zanzibar ina mahakama ya kadhi kwa sheria ya mwaka 2017. Kenya inayo ndani ya katiba ya 2010, Ibara ya 170, inayomtaka kadhi awe Mwislamu mwenye elimu ya sheria za Kiislamu, na mamlaka yake yamefungwa kwenye hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, tena kwa wahusika ambao wote ni Waislamu na wamekubali kusikilizwa hapo. Kote huko anayefaa zaidi ni mtu wa elimu mbili.

Udhaifu nao uko ndani ya shahada hiyo hiyo. Sharia hufundishwa kwa Kiingereza, kutoka kwenye vitabu vya Kiingereza, kwa wanafunzi ambao wengi hawawezi kusoma ukurasa mmoja wa Kiarabu usio na irabu. Mfumo wa Tanzania huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360. Kozi ya Kiarabu ya krediti 8 ni saa 80, mhadhara, mazoezi na mtihani vikiwa ndani. Saa 80 zinatosha kujifunza salamu, viwakilishi na minyambuliko michache ya kitenzi. Hazimfikishi mtu kwenye kitabu cha fiqhi. Mwanafunzi anayetaka kuwa kadhi au mshauri wa sharia, na hakuingia na Kiarabu cha madrasa au shule, ajue mapema kwamba chuo hakitamfikisha huko peke yake. Atahitaji darsa ya jioni msikitini, kitabu kimoja baada ya kingine mbele ya sheikh, kwa miaka yote ya shahada. Wanaofanya hivyo hutoka wameiva. Wasiofanya hutoka na cheti chenye neno sharia.

Baada ya shahada, mhitimu wa Tanzania lazima apite Shule ya Sheria kama wenzake wa vyuo vingine ili awe wakili. Kozi za sharia hazimpunguzii kitu huko. Aliyezipa saa zake zote akapata alama hafifu kwenye ushahidi na mwenendo wa mashauri ataionja tofauti.

Benki, na tatizo la hesabu

Uwanja wa pili ambao dini ni kazi ni fedha. Gulf African Bank ilianza Kenya mwaka 2008, Amana Bank ikafunguliwa Tanzania mwaka 2011, na benki za kawaida zimefungua madirisha ya Kiislamu. CRDB ilianzisha lake la Al Barakah mwaka 2021. Uganda ilibadilisha sheria yake ya taasisi za fedha mwaka 2016 kuruhusu mfumo huu.

Kazi ya mhitimu humo ni nini hasa? Angalia murabaha, ambayo ndiyo bidhaa inayotumika zaidi. Mteja anataka gari. Benki inalinunua kwa muuzaji, linaingia kwenye umiliki wa benki hata kama ni kwa saa chache, halafu benki inamuuzia mteja kwa bei ya kununulia pamoja na faida inayojulikana, kwa malipo ya awamu. Mpangilio ukipinduka, mkataba umeharibika. Na hupinduka kwa namna zile zile: mteja anasaini mkataba wa kununua kabla benki haijamiliki, au fedha taslimu zinaingia kwenye akaunti ya mteja "akanunue mwenyewe", au risiti ya muuzaji ina tarehe ya baada ya mkataba. Mkaguzi wa sharia huyaona hayo kwenye makaratasi. Asiyeweza kusoma leja, ankara na taarifa ya mizania hatayaona, hata awe amehifadhi kila hadithi ya riba.

Hapo ndipo programu nyingi za benki ya Kiislamu zinapomwacha mwanafunzi njiani. Zinamfundisha tofauti ya riba na faida kwa mihula mitatu, na uhasibu kwa mmoja. Nafasi za kazi za sharia ndani ya benki ni chache. Bodi ya sharia ina watu wachache, na idara ya ukaguzi wa sharia ya benki nzima huweza kuwa na wafanyakazi wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nafasi nyingine zote, za mikopo, matawi na hazina, hugombewa na wahitimu wa vyuo vyote. Anayesomea fani hii aanze mitihani ya CPA ya bodi ya wahasibu akiwa bado chuoni, kisha atafute cheti cha mshauri na mkaguzi wa sharia cha AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayotunga viwango vya fedha za Kiislamu. Aliye na vyote viwili hutafutwa. Mwenye shahada peke yake hupeleka barua kwa miaka miwili.

Kwa upande wa ualimu, uamuzi hutegemea somo la pili. Shahada ya elimu ya Kiislamu pamoja na ualimu ni nzuri ikiwa imefungwa na Kiswahili, Jiografia, Kiarabu au Hisabati. Ajira za serikali hutangazwa kwa masomo, na shule nyingi huwa na vipindi vichache vya Elimu ya Dini ya Kiislamu kwa wiki. Kenya, tume ya walimu TSC humtaka mwalimu wa sekondari awe na masomo mawili ya kufundishia, na awe ameyapata kwa daraja la C+ au zaidi kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mzazi aangalie cheti cha sekondari kabla ya kulipa ada. Alama iliyokosekana humo hairekebishwi na shahada.

Mazingira

Kuhusu tabia na mazingira, wanaovisifu vyuo hivi wana haki. Ratiba hufuata sala. Ijumaa mchana hakuna mtihani unaogongana na hutuba, jambo ambalo kwa vyuo vingine hubaki kuwa ombi la kila muhula kwa kila mwalimu. Mabweni ya wavulana na wasichana yako mbalimbali, pombe hairuhusiwi, na msikiti uko hatua chache kutoka darasani. Mwezi wa Ramadhani mwanafunzi hahangaiki na daku.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imewafikia wasichana. IUIU ina kampasi ya wanawake watupu kule Kabojja, Kampala, na kampasi hiyo imewafungulia chuo kikuu mabinti ambao baba zao wasingewaruhusu kwenda kwingine. Mtu anaweza kubishana na msimamo wa baba huyo. Binti aliyepata shahada kwa sababu kampasi hiyo ipo hana muda wa ubishi huo, anafundisha au anakagua hesabu sasa hivi. Chuo cha Kiislamu kisingefanya lolote lingine kwa jamii yetu, hili peke yake lingetosha kukitetea.

Lakini baadhi ya wazazi hukitegemea chuo kifanye kazi isiyokuwa yake. Kijana aliyeacha sala tangu kidato cha pili, anayetoroka nyumbani usiku, hupelekwa chuo cha Kiislamu "akanyooke". Chuo kikuu hakina mlezi wa kumwamsha alfajiri kwa jina. Kina walimu wanaosahihisha mitihani, mshauri wa wanafunzi anayehudumia mamia, na mlinzi wa geti anayetazama mavazi. Kijana huyo huvaa kanzu getini na kuivua mtaani, na ada inakwenda. Malezi ya miaka 18 hayarekebishwi na kanuni za mavazi.

Kuna pia suala la kuzoea watu. MUM, Tunguu na IUIU hupokea wanafunzi wasio Waislamu, na wamo pia miongoni mwa walimu, kwa hiyo picha ya chuo kilichojifungia si sahihi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyetoka shule ya Kiislamu, akaingia chuo cha Kiislamu, na marafiki zake wote ni wa halaka moja ya msikitini, hufika kazini hajawahi kufanya kazi ya kikundi na mtu wa imani nyingine wala kujibu swali gumu kuhusu dini yake bila kukasirika. Dawa yake ni mafunzo kwa vitendo. Achague ofisi ya umma, hospitali ya mkoa au kampuni ya watu mchanganyiko, badala ya taasisi ya Kiislamu ya mtaani kwao.

Kwa fani za fungu la pili nitasema machache, kwa kuwa kipimo chake ni kifupi. Utabibu, maabara, kompyuta na ualimu wa sayansi vinahitaji vifaa, na vyuo vinavyoishi kwa ada na misaada huwa nyuma kwa vifaa. Uliza programu yenyewe, maana chuo huweza kuwa na ithibati na programu mpya ikawa haijaipata. Tanzania, kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, tume ya vyuo vikuu, huorodhesha programu moja moja na idadi ya nafasi zake. Kisha uliza bodi ya taaluma: baraza la madaktari, la wauguzi, bodi ya wahandisi, kila moja ina orodha yake. Ukienda chuoni omba kuona maabara siku ya kipindi, uhesabu wanafunzi kwa kila darubini. Wakiwa zaidi ya watano kwenye moja, wawili wanaona na wengine wanaandika walichoambiwa.

Mkopo na riba

Fedha huwatesa vijana wengi wa Kiislamu kwa namna ambayo wengine hawaioni. Mwanafunzi wa MUM au Tunguu aliyekidhi vigezo anaweza kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya Tanzania, kama wa chuo cha serikali, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Kwa miaka kadhaa mkopo huo ulibeba tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, na mashekhe wengi waliiona kuwa riba. Vijana waliacha kuomba, wakaacha na chuo. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa wachelewaji. Makato ya asilimia 15 ya mshahara wakati wa kurejesha yamebaki, lakini hayo ni kulipa deni lenyewe. Anayekataa mkopo leo kwa hoja ya ile tozo anakataa kitu kisichokuwepo, na misikiti ingefanya jambo jema kulieleza hili kwenye hutuba. Kenya hali ni tofauti: mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya huko, wa shahada ya kwanza umekuwa na riba ya asilimia 4, na wapo vijana wanaoikwepa na kutegemea ufadhili wa kaunti, zaka na jamaa.

Benki ya Maendeleo ya Kiislamu nayo imekuwa ikisomesha Waislamu wa nchi zisizo wanachama tangu mwaka 1983, hasa kwenye utabibu, uhandisi na sayansi, kwa mkopo usio na riba ambao mhitimu huurejesha kwenye mfuko wa jamii yake nyumbani ili usomeshe mwingine. Waliofikiria mpango huo walirudi kwenye swali la MIOME.

Madina, Azhar, Khartoum

Wanaokwenda kusoma dini tupu nje wana safari nyingine kabisa. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilianzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa kutoka kila pembe ya dunia, na hadi leo wengi wao ni wageni. Ufadhili hulipia masomo, malazi, posho ya mwezi na tiketi. Maombi hayalipiwi, hufanywa kwa mtandao, na mwombaji wa shahada ya kwanza awe na umri wa miaka 17 hadi 25 na cheti cha sekondari kisichozidi miaka mitano. Mambo mawili huwaangusha vijana wetu kabla hata maombi yao hayajasomwa. Cheti kimepitwa na wakati, kwa kuwa walikaa madrasa miaka sita baada ya kidato cha nne bila kuomba. Au majina yametofautiana: pasipoti inasema Khamis, cheti cha kuzaliwa Hamisi, cha sekondari Hamis. Kurekebisha jina kwenye makaratasi matatu huchukua miezi, na dirisha hufungwa.

Azhar, iliyoanza kujengwa mwaka 970 na kuongezewa vitivo vya kisasa kwa sheria ya mwaka 1961, ina mtego wake. Cheti cha sekondari cha kwetu au cha madrasa hakimwingizi mtu moja kwa moja kwenye kitivo cha sharia kama hakuna muadala, yaani makubaliano ya kulinganisha vyeti. Asiye nao hufanya mtihani wa kupima kiwango, na huweza kupangwa idadi (madarasa ya kati) au thanawi (sekondari). Kijana wa miaka 22 mwenye cheti cha kidato cha sita hujikuta amekaa darasa moja na wa miaka 15. Miaka minne aliyowaahidi wazazi inakuwa minane. Swali la kumuuliza mudiri, yaani mkuu wa madrasa, kabla ya safari ni moja: muadala wenu ni na chuo gani, na unaishia lini?

Lugha ndiyo inayoamua. Mwanafunzi wetu huondoka anasoma Kurani vizuri, amehifadhi matini za nahau, na anaweza kuirabu sentensi ya kitabuni. Kule anakuta mwalimu anaongea kwa kasi, na mtihani unataka kurasa nne za maelezo. Chuo cha Madina kina taasisi ya lugha ya hadi miaka miwili kabla ya kitivo. Anayeifupisha kwa kuwa "Kiarabu nakijua" hulipa mwaka wa kwanza. Njia bora ya kujiandaa ni kuandika. Ukurasa mmoja wa Kiarabu kila siku kwa mwaka mzima, ukasahihishwa na mtu, unamfaa kuliko matini mpya tatu za kuhifadhi.

Kisha kuna kurudi. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni Mashafii, na misikiti yao ina kunuti ya alfajiri, hitma, talkini na maulidi. Madina hufundisha kulinganisha madhehebu, na mtazamo wake wa kuyapinga maulidi unajulikana. Mhitimu anayerudi na kuanza na mambo hayo hujikuta na msikiti uliogawanyika ndani ya mwaka mmoja, na elimu yake ya hadithi, ambayo watu wanaihitaji kwelikweli, haimfikii mtu yeyote upande wa pili. Aliyesoma Azhar au Tarim hurudi karibu zaidi na mazoea ya nyumbani, ingawa naye huweza kutumia elimu yake kuchokonoa wa upande mwingine. Katika hili simlaumu mhitimu peke yake. Hakuna aliyemfundisha namna ya kuingia kwenye mji wenye wazee wake.

Na kuna mkate. Shahada ya hadithi haimwingizi mtu kwenye ajira ya ualimu bila stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo ni mwaka mmoja, kwa mfano Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kabla yake shahada ya nje lazima itambuliwe: TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya, NCHE kwa Uganda. Mtanzania anayekwenda kusoma nje apate kwanza cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi. Wengi huliruka hilo kwa sababu ufadhili umeshapatikana na ndege inaondoka wiki ijayo, halafu miaka sita baadaye wanaanza kutafuta mihuri ya chuo kilicho nchi nyingine, kwa barua za Kiarabu zinazohitaji mtafsiri aliyeidhinishwa.

Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika cha Khartoum kilikuwa njia ya kati kwa vijana wengi wa kwetu, dini na utabibu na uhandisi mahali pamoja, kwa gharama nafuu. Vita vilianza Aprili 15, 2023, na wanafunzi wakaondoka na walichoweza kubeba. Waliokuwa na matokeo ya kila muhula yaliyogongwa muhuri na kupigwa skani waliweza kuomba kuhamia kwingine. Waliokuwa wakisubiri kuchukua kila kitu siku ya mahafali hawakuwa na cha kuonyesha. Kwa hiyo kila mwisho wa muhula, hata Morogoro, hata Mbale, mwanafunzi achukue nakala ya matokeo na maelezo ya kila kozi aliyosoma, mada na idadi ya saa, na nakala moja ibaki nyumbani kwa mzazi. Maelezo ya kozi ndiyo yanayosahaulika zaidi, nayo ndiyo chuo kipya huyadai kwanza kabla ya kuamua kama mhamiaji aendelee na mwaka wa tatu au arudi wa kwanza.